Samaki Laini

Jumatano, Juni 2, 1999

Nesi wa kliniki kanigombeza. Kila akiniuliza Petro alianza lini kuchemka, namjibu "juzi juzi". Kasema, "Mama, umesoma mpaka la saba, andika." Basi naandika. Leo hachemki. Kikohozi kipo. Ule upepo wa Juni umeanza, unaingia mpaka kwenye unga. Nimetundika gunia mlangoni.

Ukurasa umebaki mkubwa na mtoto kalala. Mengine nisiyo na wa kumwambia nitayaweka humu humu.

Ijumaa, Juni 4

Mji umejaa. Bunge la bajeti linakuja, na magari ya serikali yameanza kupita huku kwetu Chang'ombe kutafuta gesti, hata zile zenye kunguni. Wengine walivuna uwele, mimi navuna sasa. Madereva, makarani, walinzi, wote wanakula kwa mama ntilie, na mwaka huu wote wanataka samaki wa bahari. Wa ziwani wanaogopwa tangu zivume habari za sumu.

Samaki analeta wifi yangu Ritha, dada wa mume wangu Gaudence. Anapanda gari la moshi Dar na matenga yaliyojaa barafu na pumba za mbao, sisi tunayapokea asubuhi. Karai ni lake. Jiko ni lake. Meza ni yake. Mikono ndiyo yangu. Gaudence, baba Tumsifu, alipunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa, tangu hapo yuko kwenye drafti pale kwa fundi viatu. Akirudi ananiuliza tumeuza vipi, kama tajiri.

Wateja wangu wanataka "laini". Hilo jina nimelileta mimi. Mwaka jana mwiba ulimkaa mwanangu mkubwa Tumsifu kooni, akageuka rangi, baba yake akakimbia naye hospitali bila viatu. Tangu siku ile nikawa nachagua samaki kwa vidole. Kwenye tenga huwa kuna waliolegea, ukimshika anakunjika kama kitambaa, ukimkaanga uti wa mgongo unatoka vipande vipande, nyama inabaki tupu. Hao nikawa namwekea Tumsifu. Wateja wakaonja, wakapenda. Wagogo wenzangu hatukukua na miba mdomoni. Wazee wasio na meno ndio kabisa. Nikamwambia wifi aongeze laini. Kaongeza. Siku hizi tenga zima ni laini.

Jumatano, Juni 9

Kikohozi. Vumbi. Nimeuza mpaka vichwa.

Ijumaa, Juni 11

Mikono bado inanuka mafuta ya taa.

Mchana, karai limejaa, foleni ipo, kaja kijana mmoja na shati la mikono mirefu, kisu kiunoni, ndoo mkononi. Hakusalimia. Kachukua samaki mbichi kwenye beseni langu, kampasua mgongoni mbele ya wateja.

Nikamwambia, "Wewe kaka, huyo ananunuliwa."

Akasema, "Naitwa Optatus, bwana samaki wa serikali. Huyu kapigwa baruti. Ona damu ilivyoganda kwenye uti. Ona mfupa."

"Kabanwa na tenga."

"Tenga linavunja ngozi kwanza, mama. Ngozi hii nzima."

Watu wakacheka, bwana samaki Dodoma, ambako hata mto ni mchanga. Sostenes, dereva wa mbunge mmoja wa Pwani, mteja wangu wa kila siku, akasimama na sahani yake. "Bwana mdogo, kule kwetu meli za kigeni zinavua mpaka zinazama kwa uzito, haziripoti hata mkia mmoja. Wewe umetumwa kukagua karai la mama anayenyonyesha?"

Yule kijana akamtazama. "Meli sina boti ya kuifikia, kaka. Karai nalifikia kwa miguu."

Halafu akasema kuna agizo jipya, samaki wa baruti haruhusiwi kusafirishwa wala kuuzwa mahali popote, pwani wala bara, na kila tenga lazima lijulikane limetoka mwalo gani. Nikamuuliza mwalo ni nini. Kadhani namkejeli. Sikuwa namkejeli. Sostenes ndiye aliyeniambia baadaye, ni pale pwani wavuvi wanaposhushia samaki.

Akamwaga mafuta ya taa kwenye beseni. Lote. Tumsifu akalia, "Mama, laini wangu!" Petro mgongoni akaamka naye akaanza. Nimesimama na watoto wawili wanalia na beseni linanuka kibatari, na yule mtu anafuta kisu chake kwenye jani la mgomba kwa utaratibu, kama fundi.

Nikamwambia, "Mungu akupe mke tasa." Sijawahi kumwambia mtu neno hilo. Hata sasa sijalijutia vya kutosha.

Jumamosi, Juni 12

Wifi kafika na gari la moshi la asubuhi. Kaingia na maneno yake toka nje. "Mmemwachia? Wanawake wazima mmeacha mtoto wa juzi amwage mali yangu? Wifi, ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa na mtoto mgongoni, wifi."

"Kila mtu ana mtoto mgongoni!"

Gaudence akanigeukia. "Kwani ulishindwa kumpa kitu kidogo?" Yeye hakuwepo. Alikuwa kwenye drafti. Mtu ambaye hakuwepo ndiye mwenye akili kuliko wote.

Wamepanga. Matenga hayatashuka tena stesheni ya Dodoma ambako Optatus anasimama. Yatashuka Ihumwa, gari la moshi linaposimama kidogo. Nitayapokea mimi na kuyaleta kwa mkokoteni. "Mwanamke na mtoto nani atamshuku," kasema wifi.

Sikukataa. Nilikuwa namchukia yule kijana kuliko nilivyochoka.

Jumatano, Juni 16

Ihumwa. Baridi inakata masikio. Petro nimemfunga khanga mbili na sweta la Tumsifu. Gari lilisimama, wifi akasukuma matenga toka mlangoni bila hata kushuka, akarudi ndani na kwenda kushukia mjini mikono mitupu kama abiria mwema. Kazi imeenda sawa. Nilicheka njia nzima na mwenye mkokoteni, tukimwigiza bwana samaki anavyofuta kisu.

Alhamisi, Juni 17

Petro kachemka usiku. Nesi, ni tarehe kumi na saba. Ile baridi ya Ihumwa.

Ijumaa, Juni 25

Tuna mgeni. Khamisi, bwana yake Ritha, kaja "kupumzika". Mvuvi, jitu la mabega, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, vidole viwili havipo. Kasema ni kamba ya nanga. Sikio moja halisikii, kwa hiyo anazungumza kama yuko ng'ambo ya korongo. Kalala chumba cha mbele, sisi wanne tumebanana nyuma. Redio inashinda naye. Wakitangaza habari za doria za Pwani anaizima, wakimaliza anaiwasha.

Jumapili, Juni 27

Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa.

Tumetoka kanisani. Kwa heshima ya mgeni nikachagua samaki kwa vidole, yule laini kuliko wote, nikamkaanga peke yake, nikaweka ndimu na kachumbari, nikampelekea kwa magoti. Wifi yupo, Gaudence yupo, Tumsifu kakaa miguuni kwa baba yake.

Khamisi akambonyeza samaki na kidole. Akaisukuma sahani.

"Shemeji, huyu mimi sili."

Nikaona aibu. "Ana nini, shemeji? Nikuongezee chumvi?"

"Hana kitu. Wa kuuza huyu." Akacheka mpaka vikombe vikalia. "Nyie watu wa bara mna maajabu! Pwani ukimpelekea mtu samaki kalegea hivi, anakutupia usoni. Ritha akaja akaniambia, Dodoma wanaagiza wenyewe, wanataka waliolegea. Nikasema haya, wa kulegeza tupo!"

Ritha akamwambia, "Kula, Khamisi." Ritha alikuwa upande wa sikio bovu, Khamisi hakumsikia, au alijifanya hasikii.

Nikamuuliza, "Mnawalegeza vipi?"

"Chupa, baruti, utambi. Unawasha, unatupa, bahari inapiga chafya. Wanaelea matumbo juu, unaokota."

"Wote wanaelea?"

"Wote? Unaokota wanaoelea. Wanaozama wamezama, na wengi ndio huzama. Wadogo na wakubwa. Chini panabaki peupe kama uwanja wenu huu." Akaonyesha nje, pale kuku wanapochakura vumbi. "Ukirudi mahali pale mwakani, hamna kitu. Unasogea mbele."

"Na mkono?"

"Utambi ulikuwa mfupi." Hapo hakucheka. Akasema, kwa sauti ya kawaida kwa mara ya kwanza tangu aje, "Nikimla huyo, shemeji, nausikia ule mlio. Sikio hili halisikii kitu kingine chochote, ila ule mlio linausikia."

Gaudence akavuta ile sahani akaanza kula. Akampasia Tumsifu kipande. "Laini," kasema Tumsifu, mdomo umejaa.

Jumatatu, Juni 28

Leo nimekaanga, lakini kila samaki nilimpitishia kidole mgongoni kwanza. Umevunjika. Umevunjika. Umevunjika. Damu imeganda pale pale alipoonyesha yule kijana. Miezi yote hii nilikuwa nafurahi vidole vyangu vikikuta mfupa umeachia. Niliona ni bahati ya mtoto.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alikuwa mkweli na bado simpendi. Angesema taratibu. Angenisalimia.

Alhamisi, Julai 1

Petro hachemki. Tumsifu kikohozi. Moyo wangu mzito.

Jumamosi, Julai 3

Nimemwambia wifi. Nilingoja Khamisi atoke. Nikasema, "Wifi, wa baruti siwakaangi tena. Leta wa nyavu, hata kama wachache."

Akavua kitambaa cha kichwa, akakitandika magotini, akakikunja, kama anakunja shingo yangu. "Nani kakulisha hayo? Optatus?"

"Mumeo. Mbele yako."

"Wewe mtoto wa Makutupora, ulikuwa unakata zabibu za watu, unarudi na miguu imejaa tope. Nani kakupa karai? Nani alimpa kaka yangu vyumba hivi alipofukuzwa kazi? Leo unaniambia samaki gani nilete? Bahari umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi nyamaza."

"Sijaiona, lakini mkono wa shemeji nimeuona."

Alinipiga kibao. Petro alikuwa ananyonya. Sikumrudishia, kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto, na kwa sababu Tumsifu alikuwa anatazama. Nikamwambia tu, "Hicho ni cha mwisho, wifi." Gaudence aliporudi akasema tusimuudhi dada. Uso wangu una alama za vidole na yeye anazungumza habari za kuudhi.

Jumatano, Julai 7

Sabasaba. Sikukaanga. Sostenes kapita, "Laini yuko wapi, mama?" Nikamwambia kaenda kwao.

Jumatatu, Julai 12

Siku zote hizi hakuna samaki, hakuna mauzo. Nimeuza viazi, havitoki. Gaudence kanibembeleza leo, na akibembeleza anakuwa yule wa zamani, yule asiye na viatu. "Mama Tumsifu, dada kakubali. Analeta wa nyavu. Kesho matenga yanashuka Ihumwa."

"Kama wa nyavu, kwa nini Ihumwa? Si yashuke mjini, Optatus awapasue aone?"

"Mara moja tu. Stesheni watamsumbua kwa ajili ya yale ya zamani."

Nimekubali. Nilitaka iwe kweli. Unga umebaki wa kukung'uta.

Jumanne, Julai 13

Ihumwa. Matenga yameshuka. Kabla sijamwita mwenye mkokoteni nikaingiza mkono kwenye pumba na barafu, nikashika wa kwanza. Kakunjika kama kitambaa. Wa chini yake pia.

Nikainua uso kumtafuta wifi. Yuko dirishani, gari halijaondoka. Nyuma yangu nikasikia, "Mwenye mzigo nani?" Optatus, na askari. Safari hii hakuwa na haraka hata kidogo.

Nikanyoosha mkono kumwonyesha wifi. Ritha akanitazama. Akavuta kioo cha dirisha juu, taratibu, mpaka kikafika mwisho. Gari likaondoka. Nikabaki na matenga na mtoto na mkono ulionyooka unaonyesha reli tupu.

"Ni yako?" kauliza askari.

Sikujua bado mimi ni mke wa nani, ni wifi wa nani. Wakaandika ni yangu.

Optatus akawa anapasua mmoja baada ya mwingine kwenye jiwe. Petro akalia, yeye akasimamisha kisu. Akasema, "Mnyonyeshe kwanza, mama, ndio twende." Hiyo ndiyo salamu niliyopata kwake tangu nimfahamu.

Alhamisi, Julai 15

Nimetoka. Miriam, jirani yangu wa maandazi, na mumewe ndio walionidhamini. Gaudence alikuja mahabusu na uji wa mtoto, hakuja na barua ya mjumbe ya kunidhamini. Khamisi kaondoka alfajiri iliyofuata, wanasema kapanda gari la kwenda Kigoma.

Kikao nyumbani. Wifi kakaa kitandani kwangu. Kaja na soda, kanifungulia yeye mwenyewe.

"Wifi yangu, tusameheane. Sikiliza. Mimi nilishawahi kukamatwa Dar, nikirudi tena wananifunga. Wewe ni mara ya kwanza. Na unanyonyesha. Hakimu akiona mtoto kifuani atakuonya tu, akuachie. Sema ni yako."

Nikamtazama Gaudence. Alikuwa anafuta kizibo cha soda kwa kidole gumba.

"Na asiponiachia?"

"Hawamfungi mama anayenyonyesha," kasema wifi.

"Nimelala nao jana na juzi, wifi. Kulikuwa na mwenye mtoto mdogo kuliko wangu."

Gaudence akasema, bila kuinua macho, "Mama Tumsifu, fikiria. Karai ni la dada. Vyumba kalipia dada. Ukimtaja, tunakula nini?"

Nimefikiria. Nimefikiria naosha nepi, nimefikiria namsuka Tumsifu. Mwaka jana huyu mtu alikimbia bila viatu kwa sababu ya mwiba. Leo ananiambia nimpeleke Petro gerezani kwa sababu ya karai. Sijui katikati hapo kimetokea nini. Labda kiwanda kilipomfukuza kilibaki na kitu chake.

Petro kachemka kidogo. Ni mahabusu, sakafu ile.

Jumatatu, Julai 19

Mahakamani. Watu wengi, maana habari ya bwana samaki wa Dodoma kumkamata mtu imekuwa kichekesho cha mji. Sostenes alikuwepo. Miriam kakaa na Tumsifu nje. Wifi kakaa benchi la nyuma, kitenge cha njano, kajitanda mpaka puani. Alinipungia kidogo na vidole, kama tunaopatana.

Wakasoma. Kusafirisha na kupokea samaki waliovuliwa kwa baruti, matenga yasiyojulikana yalikotoka. Hakimu, mzee mwenye mafua, akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

Petro akaanza kuhangaika, nikampa ziwa. Nikaona kila mtu anamtazama mtoto, na hakimu naye, na nikaona inavyowezekana, jinsi wifi alivyoiona. Neno moja, kichwa chini, na labda kweli ningetoka. Na wiki ijayo Ihumwa.

Nikamfunika Petro na khanga, mtu asiyaone maziwa yangu kama ushahidi. Nikasema:

"Mheshimiwa, kupokea nimepokea. Kukaanga nimekaanga, mji mzima umekula. Lakini matenga si yangu. Ni ya wifi yangu Ritha, yule pale mwenye kitenge cha njano. Mumewe ndiye anapiga baruti, kaniambia kwa mdomo wake nikimpa chakula. Anayaleta yeye, anayasukuma toka mlango wa behewa, mimi nashika. Na wakiuliza nani alikuwa anaagiza samaki aliyelegea, ni mimi, kwa ajili ya mtoto, nikiwa sijui. Tangu nijue nimekataa. Siku ile niliambiwa ni wa nyavu."

Wifi alisimama. "Mwongo! Malaya wa Makutupora! Kaka, msikie mkeo!"

Gaudence alikuwa mlangoni. Hakimu akamwita mbele. "Wewe ndiye mume? Matenga ni ya nani?"

Nikamtazama miguu. Alikuwa kavaa viatu vyake vya kazini vya zamani, kavipaka rangi. Akasema, "Mimi sikuwepo, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Hakusema ni yangu. Hakusema ni ya dada yake. Hiyo ndiyo nusu ya mume niliyobakiwa nayo.

Mwenye mkokoteni wa Ihumwa ndiye aliyemaliza maneno. Optatus alikuwa kamleta. Kasema anayemfahamu ni mama wa kitenge, yule anayesukuma, "na ana mdomo mchafu kweli kweli, mheshimiwa." Askari wakamshika wifi mkono.

Mimi nimepewa onyo kali. Hakimu kasema, "Mama, nenda, na usirudie." Nikasema shikamoo badala ya asante, kwa kuchanganyikiwa. Akajibu marahaba.

Jumatano, Julai 21

Wifi kalipa faini, katoka, kumbe hawakumfunga. Kaja na vijana wawili kuchukua karai, jiko, meza, na lile beseni lenye harufu ya mafuta ya taa. Mtaa mzima nje. "Atakayekula kwa huyu mchawi shauri yake! Kamfukuza mume wangu, kanipeleka mahakamani! Bwana samaki ndiye bwana yake sasa, si mmesikia anavyonyonyesha mtoto kwa ruhusa yake?"

Nikasema, "Wifi, umesahau mwiko." Nikampelekea. Akanitupia mguuni.

Gaudence kaondoka naye Dar. Kasema atarudi nikiomba radhi. Aliinama akambusu Petro, halafu akanusa mkono wa mtoto, kama mtu anayetaka kukumbuka. Karibu nimwite.

Sikumwita.

Jumapili, Julai 25

Baadhi ya kina mama wananikata jicho kanisani. Miriam kakaa benchi langu kwa makusudi, na nyonga zake zile, hakuna aliyebaki na nafasi ya kunisogelea wala kunikwepa.

Alhamisi, Agosti 5

Nimekuja kwa mama Makutupora kukata zabibu. Mama kanipokea na, "Mwanamke anamshitaki wifi yake?" Nikamwambia, "Wifi alitaka nifungwe na mjukuu wako." Akamchukua Petro mgongoni. Hatujalizungumza tena. Mikono yangu inanata juisi, nyuki wananifuata hadi kitandani.

Jumamosi, Agosti 14

Nimerudi mjini. Bunge limekwisha, gesti tupu, upepo peke yake ndio umebaki. Miriam ananiazima karai, jiko, meza na beseni mchana akimaliza maandazi. Nanunua perege wa bwawa la Mtera, wanakuja na basi. Wagumu, wenye miba kama vitana.

Wateja wananisema. Mzee mmoja kanitemea mfupa mezani, "Ndio nini hiki?" "Samaki, baba." "Laini huna?" "Laini kaisha." "Atakuja lini?" Nikamwambia akipenda nitamtolea miba mwenyewe, akae asubiri. Akakaa. Nikamtolea, mmoja mmoja, kwenye mwanga. Kesho yake kaja na mwenzake asiye na meno. Sasa ndiyo kazi yangu, nakaanga kwa mkono mmoja, kwa mwingine natoa miba.

Ijumaa, Agosti 27

Petro hachemki. Leo kasimama kwa kushika ndoo.

Mchana kaja Optatus. Mtaa mzima ukatulia, hata Miriam aliacha kukanda. Hakusalimia. Kachukua perege kwenye beseni, kampasua mgongoni, kachungulia. Mfupa mzima, mweupe, umesimama. Akataka kumrudisha.

"Hapana," nikasema. "Umemkata, umemnunua."

"Mama, mimi niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Toa hela."

Akaangalia watu, watu wakamwangalia yeye. Akatoa. Nikamkaanga yule samaki wake, nikaweka ndimu, nikamwekea sahani. Akasema hana nafasi ya kukaa, anakwenda sokoni. Nikamwambia, "Na siku nyingine ukiingia hapa, salamu kwanza. Hata mwizi anabisha hodi."

Alisimama pale na ndoo yake. Akasema, "Habari za mchana, mama Tumsifu." Jina langu analijua toka mahakamani. Sikumwitikia. Nitamwitikia siku akija tena. Lile neno nililomwambia juu ya mke wake nimelirudisha kimoyomoyo, yeye hana haja ya kujua.

Sahani yake ikabaki. Tumsifu akaisogelea, akambonyeza samaki na kidole, kama alivyomwona Khamisi.

"Mama, huyu ana mifupa."

"Ndiyo. Samaki ana mifupa."

"Nitolee."

Nilikuwa na karai limejaa na Petro kashika sketi. Nikamwambia, "Anza wewe, mimi natazama." Nikakumbuka ile rangi aliyogeuka. Sikumnyang'anya sahani. Akachambua na vidole vile vidogo, ulimi nje, kipande kama punje, kakipeleka mdomoni, katafuna, kaacha ghafla. Nikaacha mwiko. Akaingiza kidole mdomoni, akavuta mwiba, mrefu, mwembamba, akauinua juani.

"Nimemkamata," kasema, na akauweka pembeni ya sahani, akauangalia usije ukatoroka, ndipo akaendelea kula.